Kiungio cha Mfereji wa Nyongo: Homa ya Mgonjwa Aliyepandikizwa Ini

Na uchukuliwe mfano wa mwanamume wa makamo, mkazi wa Magoma wilayani Korogwe, ambaye miezi sita iliyopita alipandikizwa sehemu ya ini la mdogo wake katika hospitali moja nchini India. Ini lake mwenyewe lilikuwa limekakamaa kwa makovu yaliyoachwa na homa ya ini aina ya B. Amerejea nyumbani, weupe wa macho umerudi, tumbo lililojaa maji limenywea, na majirani wanamwona akienda shambani kama zamani. Alfajiri moja anaamka akitetemeka kwa baridi mpaka kitanda kinalia. Jua linapopanda, homa inapanda nalo. Mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, na kwa wiki mbili sasa mwili umekuwa ukimwasha usiku bila upele wowote. Mkewe anampakia kwenye bodaboda na kumfikisha kituo cha afya.

Mfano huu ni wa kufundishia; hausimulii maisha ya mtu fulani. Hata hivyo hakuna dalili hata moja ndani yake iliyobuniwa, na swali linalozaliwa humo ni zito: mhudumu wa kwanza atakayempokea mtu huyu atawaza nini?

Katika bonde la Lwengera, lililo kati ya Usambara ya Magharibi na ile ya Mashariki, mtetemeko wa homa umekuwa na jina moja tangu enzi za mababu. Jina hilo ni malaria, na aghalabu lilikuwa jina sahihi. Lakini watafiti waliokagua wagonjwa mahututi waliolazwa na kutibiwa malaria katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, waligundua kwamba kati ya wagonjwa 4,474 ni 2,062 tu waliokuwa na vimelea vya malaria katika damu. Zaidi ya nusu walikuwa wakiugua kitu kingine. Tangu hapo malaria yenyewe imepungua sana wilayani Korogwe, kama wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walivyoonyesha kwa vipimo walivyofanya vijijini kuanzia mwaka 2003. Mazoea, hata hivyo, hupungua polepole kuliko vimelea.

Kwa mgonjwa wa mfano huu, mazoea hayo yanaweza kumgharimu ini alilopewa na ndugu yake. Homa yenye mtetemeko, mkojo mweusi na mwasho, kwa mtu aliyepandikizwa ini, ni dalili za mfereji wa nyongo ulioziba mpaka uthibitishwe kuwa mzima. Ili kuelewa kwa nini, hapana budi kuanza na nyongo yenyewe na namna madaktari wa upasuaji wanavyoiunganishia njia.

Nyongo na njia yake

Mtu wa Tanga akisema ana nyongo, huwa anamaanisha uchungu mdomoni, kichefuchefu na kizunguzungu, na pengine matapishi ya manjano. Katika utabibu, nyongo si ugonjwa. Ni maji ya rangi ya manjano yenye kuelekea kijani ambayo ini la mtu mzima hutengeneza kila siku, kati ya nusu lita na lita moja, ili kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula na kuondoa taka ambazo figo haziwezi kuziondoa. Rangi yake hutokana na bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Nyongo ikifika utumbo, hukipa kinyesi rangi yake ya kahawia. Ikizuiwa isifike, bilirubini hurudi katika damu. Macho huwa ya manjano, mkojo hukolea, kinyesi hufifia kama udongo wa mfinyanzi, na chumvi za nyongo zilizokwama mwilini huwasha ngozi. Inafaa kuongeza hapa kwamba manjano ya macho si kitu kimoja na ugonjwa uitwao homa ya manjano; homa hiyo huambukizwa na mbu, na mgonjwa aliyeandikiwa majina hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja amekwisha kupotezewa muda.

Ndani ya ini, nyongo hukusanywa na vijifereji vyembamba kuliko unywele ambavyo huungana na kuungana tena, kama vijito vya mlimani, mpaka ikabaki mifereji miwili: mmoja wa upande wa kulia na mmoja wa kushoto. Hiyo nayo hukutana nje kidogo ya ini na kuwa mfereji mmoja unaoteremka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyochora. Miili haifuati vitabu daima. Takribani watu wanne kati ya kumi wana mpangilio tofauti: tawi moja la kulia hujiunga chini zaidi, au huvuka na kuingia katika mfereji wa kushoto, au matawi matatu hukutana mahali pamoja. Mtu huishi na tofauti hiyo mpaka uzeeni bila kuijua. Inakuwa jambo kubwa siku ini linapogawanywa.

Kugawa ini la mtu aliye hai

Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Denver, Marekani, na ilichukua miaka minne mpaka mgonjwa akaishi kwa muda wa kuridhisha. Maini hayo yalitoka kwa watu waliokwisha kufariki. Mwaka 1989 mjini Brisbane, Australia, Russell Strong na wenzake walichukua sehemu ya ini la mama aliye hai na kumpandikizia mwanawe, na mtoto akapona. Wazo lilikuwa sahili kulieleza: ini ni kiungo pekee kikubwa cha ndani ambacho kikikatwa hukua tena, na katika wiki chache za mwanzo mtoaji na mpokeaji wote wawili hurudishiwa sehemu kubwa ya ujazo uliopungua.

Kwa mtoto, kipande kidogo cha upande wa kushoto kinatosha. Mtu mzima anahitaji zaidi. Kanuni inayotumika katika vituo vingi ni kwamba kipande kinachopandikizwa kiwe na uzito usiopungua asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji. Mtu wa kilo 70, basi, anahitaji gramu 560 hivi. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 madaktari wa Japani na Hong Kong walianza kutumia maini ya watoaji hai kwa watu wazima, na hatimaye kuchukua upande mzima wa kulia, ambao ni zaidi ya nusu ya ini lote. Njia hiyo ilienea upesi katika nchi za Asia, ambako viungo vya marehemu havipatikani kwa urahisi. Leo India ni miongoni mwa nchi zinazofanya upasuaji huo kwa wingi, na ndiko Watanzania wengi wenye ini lililoshindwa wanakopelekwa. Figo zimekuwa zikipandikizwa Muhimbili tangu Novemba 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Ini limeendelea kufuatwa ng'ambo.

Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo inataka undugu wa mtoaji na mpokeaji uthibitishwe, na kwa wageni hati za ubalozi na kibali cha kamati maalumu huhitajika. Kwa hiyo anayelala kwenye kitanda cha pili karibu daima ni mtu wa nyumbani: mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Lugha ya Kiswahili huyaweka mapenzi na uchungu katika ini. Anayeumizwa moyo na nduguye husema amekatwa maini. Familia inayosafiri kwa ajili hii huyasikia maneno hayo kwa namna nyingine kabisa.

Upande wa kulia ukishachukuliwa, mfereji unaobaki wazi kwenye kipande hicho huwa na upana wa milimita chache tu, tatu au tano hivi. Mara kwa mara si mmoja; ni miwili, au hata mitatu, kwa sababu ya zile tofauti za maumbile zilizotajwa. Kabla ya upasuaji mtoaji hupigwa picha za MRI zinazoonyesha mifereji yake, na wakati wa upasuaji wenyewe hutiwa dawa ya kuonekana katika eksirei ili mkato upite mahali panapostahili. Milimita mbili kuelekea kwa mpokeaji humnyima mtoaji njia salama ya nyongo yake. Milimita mbili upande wa pili humpa mpokeaji vitundu viwili badala ya kimoja. Baina ya hao wawili, usalama wa mtoaji hutangulia, maana yeye aliingia hospitalini akiwa mzima.

Kuunga

Njia za kuunga ni mbili.

Ya kwanza ni kuunga mfereji kwa mfereji. Mfereji wa kipande kilichopandikizwa hushonwa moja kwa moja kwenye mfereji wa mpokeaji mwenyewe, kwa uzi mwembamba unaoyeyuka, daktari akiwa amevaa miwani ya kukuza. Faida yake ni kubwa. Nyongo inapita njia yake ya asili, mlango wa misuli ulio mwisho wa mfereji unaendelea kuzuia uchafu wa utumbo usipande juu, na tatizo likitokea baadaye, daktari anaweza kulifikia kwa kamera inayopitishwa mdomoni bila kupasua tena.

Ya pili ni kuunga mfereji kwa utumbo. Sehemu ya utumbo mwembamba hukatwa, mkono mmoja ukapandishwa hadi kwenye ini na kushonwa kwenye mfereji, na sehemu ya juu ya utumbo ikaunganishwa na mkono huo chini yake. Mpango huu una jina la César Roux, daktari wa upasuaji wa Lausanne, Uswisi. Mkazi wa Korogwe anaweza kuuona bila kitabu: mto Lwengera unashuka bondeni na maji yake peke yake, mto Pangani unakuja na yake, na karibu na Korogwe hiyo miwili inakuwa mto mmoja. Nyongo ni Lwengera, chakula ni Pangani, na urefu wa mkono ulioachwa kabla ya makutano ndio unaozuia chakula kisipande kwenye ini. Njia hii hutumika pale mfereji wa mpokeaji unapokuwa mgonjwa, mfupi au mwembamba mno, na pale vitundu vinapokuwa vingi. Kwa watoto waliozaliwa na mifereji ya nyongo iliyoziba hakuna njia nyingine, kwa kuwa mfereji wa kuungia hawana.

(Watoto hao wanastahili sentensi mbili za ziada. Mtoto mchanga ambaye manjano yake yamepita wiki mbili na kinyesi chake ni cheupe apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo, kwa sababu upasuaji uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani, unaoweza kumwondolea au kumcheleweshea haja ya kupandikizwa, hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya miezi miwili ya umri.)

Ni njia ipi bora? Pale maumbile yanaporuhusu, vituo vingi sasa huchagua kuunga mfereji kwa mfereji, na sababu kubwa ni ile ya mwisho: njia ya kurudi ibaki wazi. Wanaochagua hivyo wanajua kwamba kiungio hicho kinaweza kusinyaa. Wanachokinunua ni urahisi wa kukitengeneza.

Kwa nini hapa ndipo panapoharibika

Roy Calne wa Cambridge, aliyeanza kupandikiza maini mwaka 1968, aliitaja njia ya nyongo kuwa sehemu dhaifu kuliko zote katika upasuaji huu. Miaka zaidi ya hamsini imepita. Dawa za kuzuia mwili usilikatae ini zimebadilika, kushona mishipa ya damu kumekuwa kwa hakika zaidi, na njia ya nyongo ingali ndiyo inayowasumbua wapokeaji wengi. Ripoti za vituo mbalimbali hutofautiana, lakini kwa wapokeaji wa upande wa kulia wa ini la mtoaji hai, matatizo ya nyongo huwapata wengi kiasi cha mmoja kati ya kumi hadi mmoja kati ya watatu.

Sababu kuu ni damu. Ini hulishwa na mishipa miwili mikubwa: mmoja unaoleta damu kutoka matumboni, na ateri inayoleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni. Nyama ya ini hunywa kwa yote miwili. Mifereji ya nyongo hutegemea ateri peke yake. Mfereji wa mpokeaji ulipokatwa ulipoteza damu iliyokuwa ikishuka kutoka juu. Mfereji wa kipande kipya umepoteza ile iliyokuwa ikipanda kutoka chini. Zinakutana ncha mbili zenye kiu. Daktari akiuvua mfereji tishu zinazouzunguka ili auone vizuri, anavua pamoja nazo vijishipa vinavyoulisha, na kwa hiyo mafundi wa siku hizi huuacha umevaa nguo yake. Damu ikiganda katika ateri siku za mwanzo, ini linaweza kuonekana zima kwa muda huku mifereji yake ikifa kimyakimya.

Pale damu isipotosha, moja kati ya mambo mawili hutokea. Uponyaji ukishindwa mapema, mshono huachia na nyongo huvuja tumboni. Hili huonekana katika siku na wiki za mwanzo, kwa homa, maumivu ya tumbo, au maji ya kijani katika mpira wa kutolea uchafu. Uponyaji ukifanyika kwa kovu, kovu hujikunja kama mishono yote ijikunjavyo, na tundu la milimita nne likawa la milimita moja. Huu ndio msinyao, nao hujitokeza zaidi kati ya mwezi wa pili na mwisho wa mwaka wa kwanza, ingawa kuna wanaoupata baada ya hapo. Aliyevuja mwanzoni yumo katika hatari kubwa zaidi ya kusinyaa baadaye.

Hesabu ya miezi ina maana mahsusi kwa mtu wa Magoma. Mpokeaji kutoka Afrika Mashariki hukaa India kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kisha huruhusiwa kurudi. Uvujaji, basi, humkuta akiwa mikononi mwa waliomshona. Msinyao humkuta nyumbani, mbele ya tabibu ambaye pengine hajawahi kumwona mtu aliyepandikizwa ini.

Katika chumba cha tabibu

Kisa cha mfano kinarejea hapa. Mgonjwa ameketi, kipimo cha haraka cha malaria kinasubiriwa, na tabibu kijana amekwisha kumwamkia mzee wake. Maswali matatu ya mwanzo yanaweza kuokoa wiki nzima.

"Baba, mkojo umebadilika rangi tangu lini? Na choo je?"

"Mkojo wiki moja, mwanangu. Choo kimepauka."

"Dawa za ini unameza kila siku, hujaruka?"

"Sijaruka hata moja."

"Kule India, mfereji wa nyongo waliuunga na mfereji wako mwenyewe, au waliuunga na utumbo?"

Wagonjwa wengi hawataweza kujibu swali la tatu, na hapo ndipo karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali inapotafutwa. Jibu lake huamua mgonjwa atibiwe na mtaalamu yupi, kama itakavyoelezwa.

Kipimo cha malaria kifanywe. Si cha kudharauliwa. Kikiwa hasi, homa imebaki na jambo la kuelezwa. Kikiwa chanya, malaria itibiwe kama mwongozo wa taifa unavyoelekeza, lakini mkojo mweusi na choo cheupe vinabaki palepale, kwa maana mtu aweza kuwa na vimelea na mfereji ulioziba kwa wakati mmoja.

Mambo mawili humdanganya mhudumu. La kwanza ni kwamba mgonjwa huyu haumwi kama wengine. Neva za ini hukatwa wakati wa kupandikiza, na dawa anazomeza hupunguza homa na uvimbe. Yale maumivu makali ya upande wa kulia chini ya mbavu yanayotarajiwa kwa mtu mwenye njia ya nyongo iliyoambukizwa yanaweza yasiwepo kabisa. Mtu aweza kuja na uchovu na mwasho tu, na vimelea vikawa vimekwisha kuingia katika damu. La pili ni altrasaundi. Kwa mtu wa kawaida aliyezibwa na kijiwe, mifereji iliyo juu ya kizuizi hutanuka na huonekana. Ini lililopandikizwa mara nyingi halitanui mifereji yake hata likizibwa. Jibu la altrasaundi lisemalo kwamba mifereji ni ya kawaida haliondoi msinyao. Vipimo vya damu, yaani bilirubini na vimeng'enya vya ini, hasa alkalini fosfatasi, husema kweli zaidi, na vikiwa vimepanda, rufaa isingoje picha nyingine. Kazi ambayo altrasaundi huifanya vizuri ni kuonyesha kama ateri ya ini inapitisha damu, mradi mashine iwe na uwezo wa kupima mwendo wa damu. Kipimo hicho ni cha dharura, maana ateri ikiwa imeziba mpango mzima wa matibabu hubadilika.

Yapo magonjwa mengine yanayofanana na haya: mwili kulikataa ini, kurudi kwa virusi vya homa ya ini B kwa aliyeacha dawa zake za kuvizuia, au madhara ya dawa. Kituo cha afya hakitakiwi kuyatenganisha. Kinatakiwa kutambua kwamba hayawezi kutenganishwa hapo, kumpa mgonjwa mwenye mtetemeko dozi ya kwanza ya antibayotiki ya sindano kulingana na mwongozo, baada ya kuchukua damu ya kuotesha vimelea pale inapowezekana, na kumpeleka mbele. Kutoka Magoma njia ni Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, kisha Bombo mjini Tanga, KCMC mjini Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Katika hali hii hatua za katikati zikiwa chache ndivyo ilivyo heri. Simu moja kwa daktari wa hospitali ya kanda inaweza kufupisha safari kwa siku tatu.

Dawa zinahitaji tahadhari ambayo haina mfano katika wagonjwa wa kila siku. Wapokeaji wengi hutumia takrolimasi, ambayo kiwango chake katika damu kikipanda kidogo huumiza figo na kikishuka kidogo huliacha ini likataliwe. Eritromaisini, klarithromaisini na flukonazo hukipandisha. Rifampisini, inayotolewa kwa kifua kikuu, hukishusha kwa kiasi kikubwa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazochomwa na kugawiwa kwa maumivu ya kila namna, huongeza mzigo kwa figo ambazo takrolimasi imekwisha kuzielemea. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa homa, kwa kawaida isizidi gramu mbili kwa siku. Mitishamba ya kusafisha nyongo, hata ile iliyowasaidia wengine kijijini, haimfai mtu huyu, kwa kuwa hakuna awezaye kusema itafanya nini juu ya takrolimasi au juu ya ini lenyewe. Na takrolimasi isisimamishwe kwa sababu ya homa, wala dozi isibadilishwe bila ushauri wa kituo kinachomfuatilia.

Kutengeneza kilichosinyaa

Msinyao wa kiungio una tiba, na wengi hawahitaji kupasuliwa tena. Aliyeungwa mfereji kwa mfereji hutibiwa kwa endoskopia: kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye tundu la mfereji ndani ya utumbo, uzi wa chuma laini ukapenyezwa kupita kovu, puto dogo likajazwa ili kulitanua, na mrija wa plastiki uitwao stenti ukaachwa hapo kulishikilia. Stenti hubadilishwa kila miezi mitatu hivi kwa muda wa kama mwaka, mara nyingi kwa kuongeza mirija miwili au mitatu sambamba. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huishia hapo wakiwa wamepona. Kwa kipande cha upande wa kulia kazi huwa ngumu, kwa kuwa ini linavyokua tena huzunguka kidogo na kuukunja mfereji kama kiwiko, na uzi ukakataa kupita.

Aliyeungwa mfereji kwa utumbo hafikiki kwa urahisi kwa njia hiyo. Kamera ingelazimika kushuka Pangani kisha kuupanda Lwengera. Kwake mlango ni ngozi. Daktari wa radiolojia huingiza sindano nyembamba kupitia ubavuni hadi katika mfereji uliojaa ndani ya ini, akiongozwa na picha, na kupitisha katheta inayotoa nyongo nje kwanza, kisha kutanua kovu. Ujuzi huu umekuwa ukijengwa nchini: tangu 2018 madaktari wa radiolojia wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tiba ya aina hii kwa ushirikiano na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale, na kutoa nyongo kwa katheta ni miongoni mwa kazi zao. Mgonjwa aliyetolewa nyongo iliyokwama na kupewa antibayotiki anaweza kupanda ndege ya kurudi kwa waliomshona akiwa na nguvu zake. Bila hivyo, husafiri na vimelea katika damu.

Pale njia hizi zote zinaposhindwa, upasuaji wa kuunga upya kwa utumbo hufanywa, na kwa wachache ambao mifereji yao imeharibika ndani ya ini zima, hubaki kupandikizwa mara ya pili.

Yule ndugu mwingine

Mtoaji husahauliwa upesi, pengine kwa sababu yeye huruhusiwa mapema na hujiita mzima. Naye amekatwa ini, na uso wa ini uliokatwa una vijifereji ambavyo vyaweza kuvuja. Uvujaji kwa watoaji hutokea kwa wachache tu, nao huisha mara nyingi kwa kuachiwa mpira wa kutolea maji au kuwekewa stenti kwa muda. Msinyao ni nadra zaidi. Vifo vya watoaji vimetokea duniani, kwa makadirio ya kawaida mmoja hadi watano kati ya kila elfu, na anayejitolea anastahili kuisikia hesabu hiyo kabla ya kusaini, akiwa peke yake na daktari, mbali na macho ya jamaa. Akirudi Magoma asibebe mizigo mizito kwa miezi miwili au mitatu, iwe magunia ya mahindi au matita ya mkonge, maana ukuta wa tumbo lake unapona polepole kuliko ini lake. Akija kituoni na homa, maumivu ya tumbo au macho ya manjano, naye aulizwe maswali yaleyale.

Kwa wote wawili, jambo dogo linalosaidia kuliko mengi ni karatasi. Kabla ya kuondoka India, mpokeaji aombe iandikwe waziwazi: ni upande upi wa ini uliopandikizwa, mifereji ilikuwa mingapi, iliungwa kwa mfereji au kwa utumbo, kama kulikuwa na uvujaji, na kama kuna stenti iliyoachwa ndani, ni ya namna gani na inatakiwa kutolewa tarehe ngapi. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine katika faili la kituo cha afya, na picha yake katika simu ya mke au mtoto. Stenti ya plastiki iliyopitiliza tarehe yake huziba kwa utandu wa nyongo na vimelea, na mtetemeko wa alfajiri ile unaweza kuwa umeanzia kwenye mrija wa sentimita chache ambao hakuna mtu yeyote Magoma aliyeambiwa kuwa upo.